Jino lilianza kucheza nikiwa nakata uzi

Siku niliyojua nina shida nilikuwa kwenye cherehani, mwezi wa kumi na mbili mwishoni, sare za shule zimejaa mpaka kwenye kiti cha wateja, na nilikuwa nakata uzi kwa meno kama nilivyozoea miaka yote 19 niliyoshona. Ule uzi mgumu wa kushonea mabegi. Nikauma nikavuta, nikasikia jino la mbele la chini limesogea. Halikuuma hata kidogo, limesogea tu, nikaligusa na ulimi likaenda mbele likarudi, kama kifungo kilichobaki kwenye nyuzi mbili. Nikasimamisha mashine. Mteja aliyekuwa anasubiri akaniuliza dada vipi umejichoma sindano? Nikamwambia hapana, nikaendelea kushona, ila mikono ilikuwa inatetemeka.

Nina miaka 44. Nilijua meno yanacheza kwa wazee na kwa watoto wa miaka sita.

Sasa nikirudi nyuma naona dalili zilikuwepo muda mrefu sana na zilikuwa za aina mbili, na kosa langu kubwa ndo hilo, nilidhani ni kitu kimoja. Aina ya kwanza ni fizi. Nikipiga mswaki mate yanatoka na damu, mto asubuhi saa nyingine una doa, na harufu ya mdomo ambayo mwanangu wa kike ndo alinambia kwa upole kabisa, mama usikasirike ila. Nikabadilisha dawa ya meno mara tatu, nikawa nasukutua maji ya chumvi kila usiku, na kweli chumvi inatuliza, damu inapungua wiki mbili alafu inarudi palepale.

Aina ya pili ni usiku. Baba watoto alikuwa ananiamsha, ananishika bega, anasema unasaga meno mpaka mi nasikia huku ukutani. Mi sikumbuki chochote. Ninachokumbuka ni asubuhi naamka taya limekaza, hapa pembeni ya macho panauma kama nimefungwa kitambaa, na nikipiga mwayo kitu kinalia kwenye sikio. Nameza panadoli naenda kazini. Ndani ya mashavu nilikuwa na mstari mweupe kulia na kushoto usawa wa meno, nikadhani ni vidonda vya kawaida, na ulimi wangu pembeni una alama za meno kama ukingo wa kitambaa kilichokatwa kwa mkasi wa zigzagi.

Mama mkwe aliposikia nasaga meno akasema mwanangu una minyoo hiyo, tulikuwa tunawapa watoto dawa na wanaacha. Nampenda sana mama mkwe wangu na sikumbishia, nikanywa dawa za minyoo, na mwezi uliofuata nikanywa tena. Kunywa dawa za minyoo sio vibaya kama unayo, ila nikaja kuelewa baadae kwamba watoto wengi wanasaga meno usiku wakiwa wadogo na wengi wanaacha wenyewe wakikua, kwahiyo ukimpa dawa na akaacha utasema ni dawa. Mi nilikuwa mtu mzima na minyoo haikuwa shida yangu, nilikuwa nimepoteza miezi tu.

Alafu sehemu ya kwanza niliyoenda kutibiwa, sitaitaja, nilikaa kwenye kiti dakika tano tu. Akalishika lile jino akalitikisa akasema hili linang'olewa, na la pembeni yake nalo linafuata, tukuwekee ya bandia. Hakuuliza kama nasaga, hakupima chochote, hakuna eksirei. Niliogopa sana. Nikasema naenda kuchukua hela nyumbani, nikatoka na sikurudi, na nashukuru Mungu mpaka leo kwa ule woga.

Wa pili alikuwa dokta wa kike, mdogo kwangu kiumri, na kitu cha kwanza alichofanya hakuangalia jino, alinishika mashavu. Akaweka vidole hapa nyuma ya taya akasema mama uma meno kwa nguvu, sasa achia, uma tena. Akasema hii misuli yako imenenepa kama ya mtu anayebeba mizigo. Kisha akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za vipimo na akaanza kukiingiza taratibu kati ya fizi na jino, sehemu sita kila jino, na msaidizi wake anaandika. Mbili, tatu, mbili, tano, sita, tano. Mi nalala pale nasikia namba tu kama mtu anasomewa vipimo vya gauni. Akanieleza kwamba 1 mpaka 3 milimita ni fizi nzima, kuanzia 4 ni mfuko, yani fizi imeachana na jino na kuna shimo ambalo mswaki haufiki. Mimi kwenye meno ya mbele ya chini nilikuwa na 5 na 6, na gego moja la juu kulia lilikuwa na 7.

Lile gego lilikuwa na stori yake. Miaka mitatu nyuma lilizibwa mahali pengine, na toka siku ile lilikuwa linakutana na la chini kabla ya mengine yote. Niliporudi kulalamika niliambiwa utazoea. Nikazoea kweli, yani nikawa natafunia upande mwingine. Dokta akaniwekea kikaratasi cha rangi nikauma, akanionyesha kwa kioo, lile gego lina doa kubwa jeusi na mengine yana vidoa vidogo. Alafu akaweka kidole chake kwenye meno yangu ya mbele ya juu akasema gonga gonga meno, na mimi mwenyewe nilipoweka kidole nikasikia jino linapiga ncha ya kidole kila ninapouma. Hicho kitu kilinishtua kuliko namba zote. Nilikuwa nalisukuma jino langu mwenyewe, kila siku, miaka yote, na sikuwahi kulisikia.

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nalo moyoni muda wote, kwahiyo ni kusaga ndo kumeniharibu fizi? Akasema hapana, na ndiyo. Nikamwambia dokta nieleweshe mi fundi cherehani.

Basi akanieleza hivi. Jino halijajengewa kwenye mfupa kama nondo kwenye zege. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna nafasi nyembamba sana, kama robo ya milimita hivi, na humo kuna nyuzinyuzi nyingi zinazolishika jino likawa kama limening'inia. Ndo maana ukiuma mchanga kwenye wali unausikia mara moja, zile nyuzi zinahisi. Nikamwambia kumbe ni kifungo! Akacheka akasema haswa, kifungo cha koti. Sasa ukikivuta kifungo kila siku bila huruma, nyuzi zinalegea, kifungo kinacheza, ila bado kimeshonwa, na ukiacha kukivuta mwili unakaza tena, hiyo nafasi inarudi kuwa ndogo. Kusaga peke yake kunafanya hivyo, jino linalegea kidogo, linauma ukitafuna, eksirei inaonyesha ile nafasi imepanuka, lakini fizi haiachani na jino. Kinachokata nyuzi zenyewe ni utando wa bakteria unaokaa kwenye jino usiposafishwa, ukikaa unashika chokaa ya mate unakuwa ugaga, ugaga unashuka chini ya fizi, fizi inavimba, mwili wenyewe katika kupigana na huo uchafu unakula mpaka mfupa.

Sasa mimi nilikuwa na yote mawili. Nyuzi za juu zimeoza, zilizobaki chache ndo zinavutwa na nguvu ileile ya zamani, au zaidi, mana usiku mtu anauma bila kujipimia. Kifungo chenye nyuzi ishirini ukikivuta kinavumilia. Chenye nyuzi sita mvuto uleule kinakuja nacho mkononi.

Nilirudi nyumbani nikasoma sana, binti yangu akinisaidia kwenye simu, sababu nilitaka kujua kama ni mimi niliyejifanyia hivi. Nikakuta kumbe hata madaktari wamebishana juu ya hili jambo zaidi ya miaka mia. Mwaka 1901 huko Vienna daktari mmoja anaitwa Karolyi aliandika kwamba wagonjwa wanaosaga meno ndo anaowaona na ugonjwa wa fizi. Miaka ya 1960 Glickman wa Marekani akasema nguvu ya kuuma na bakteria zikikutana zinabomoa kwa pamoja, akina Waerhaug wa Norway wakaja kupima wakasema hapana, ubomoaji unafuata ugaga ulipofika, sio nguvu. Wakafanyia mpaka mbwa na nyani majaribio. Mwaka 2017 wataalamu wa fizi wa Marekani na Ulaya wakakutana Chicago kupanga upya magonjwa ya fizi, na walichosema ni kwamba kwa binadamu hakuna ushahidi kuwa nguvu ya kuuma peke yake inaanzisha ugonjwa wa fizi, wala kuwa ndo inayofanya fizi ishuke. Nilisoma hiyo sentensi mara nyingi. Ilinipa amani na ilinipa kazi, mana maana yake ningeweka kinga ya usiku, ile plastiki inayovaliwa kwenye meno wakati wa kulala, ya bei yoyote ile, na ugaga nikauacha palepale, nisingepona.

Na hapo ndo nataka watu wanielewe vizuri, kwasababu nimeona wenzangu wawili wakifanya kinyume. Mmoja alisafishwa vizuri, akabaki anasaga, na meno yake yanayocheza hayajakaza. Mwingine kanunua kinga akadhani kamaliza, fizi zinaendelea kutoa damu chini ya plastiki.

Mimi mwenyewe kabla ya dokta nilikuwa nimenunua kinga ya mpira, ile unachovya kwenye maji ya moto unauma inachukua umbo. Laini. Kwangu haikufaa kabisa, nilikuwa naitafuna usiku kucha kama ubani na asubuhi taya linauma mara mbili, na wiki ya tano ilikuwa imetoboka nyuma. Mtu mwingine labda inamfaa, mi nasema yangu.

Dokta alipanga hivi. Kwanza akaagiza nipime sukari, akasema fizi zikiwa hivi lazima tujue, kisukari kinaharibu fizi na fizi mbovu zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Nikapima, iko sawa, alhamdulillah. Alafu siku ileile akapunguza lile gego, akalisugua kidogo kidogo, kikaratasi, sugua, kikaratasi, mpaka doa likawa dogo kama ya wenzake. Yani miaka mitatu natafunia upande mmoja na ilichukua dakika kumi. Usiku ule nililala taya likiwa jepesi, sikuamini.

Kisha kusafisha chini ya fizi, siku mbili tofauti, upande mmoja kwa ganzi wiki hii na upande wa pili wiki inayofuata. Naomba niseme ukweli hapa mana watu wengi wanakimbia baada ya hapo. Wakati wa kusafishwa hauumi, una ganzi, unasikia tu vyuma vinakwangua. Baada ya hapo ndo kazi. Maji ya baridi yalikuwa yananipiga mpaka kwenye sikio, wiki tatu nzima nilikunywa maji ya uvuguvugu. Na fizi zilishuka. Uvimbe ukiisha fizi inanywea, kwahiyo meno yakaonekana marefu na kati ya meno ya mbele pakatokea vinafasi vyeusi vya pembe tatu ambavyo havikuwepo. Nililia mbele ya kioo. Nilidhani wameniharibu. Nikampigia dokta, akasema mama zile zilikuwa zimejaa kwa ugonjwa, sasa unaona mahali mfupa ulipofika kweli, na mfupa uliopotea kwa namna yako haurudi, tunalinda uliobaki. Ningependa mtu angeniambia hili kabla.

Kinga ya usiku hakunipa haraka. Alisema meno yakiwa bado yanacheza nikikuchukulia umbo leo, baada ya miezi miwili yatakuwa yamekaza na kusogea, kinga haitaingia. Tukasubiri fizi zitulie. Ndo akachukua umbo, ikatengenezwa ngumu, ya juu, inang'aa kama kioo, nililipa laki mbili na nusu kwa awamu na bima yangu haikuhusika. Akaniwekea tena kikaratasi cha rangi juu ya ile kinga mpaka meno yote ya chini yakawa yanaigusa kwa pamoja. Akanambia na hii haikuachishi kusaga, utaendelea, ila badala ya nguvu yote kumwangukia mmoja inagawanywa kwa wote, na unachosaga ni plastiki sio jino. Naiosha kwa maji ya baridi na sabuni ya mche na mswaki wake peke yake, maji ya moto yanaipinda. Sasa ina mikwaruzo, nikiishika kwenye mwanga wa dirisha naiona, mistari mingi imeelekea upande mmoja, kulia. Hiyo ndo ingekuwa kwenye meno yangu.

Ila kitu ambacho sikutegemea kabisa ni mchana.

Dokta aliniuliza sasa hivi meno yako yanagusana? Nikanyamaza nikajisikiliza, yalikuwa yanagusana. Akasema hayatakiwi. Midomo imefungwa sawa, ulimi umelala juu nyuma ya meno ya mbele, lakini meno yameachana, yanakutana wakati wa kutafuna na kumeza tu na kwa siku nzima ukijumlisha hata nusu saa haifiki. Nikaenda kazini siku ya pili nikaanza kujichunguza. Nikitunga uzi kwenye sindano, nimeuma. Nikishona kola, pale kwenye kona, nimeuma. Mteja akiniambia anataka kesho na mi najua haiwezekani, nimeuma mpaka masikio yanasikia. Kumbe nilikuwa nafanya kazi ya usiku na mchana. Na mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, msimu wa sare, nalala saa nane, nakunywa kahawa vikombe vinne vitano ili nisisinzie kwenye mashine, na kahawa nyingi nayo inachochea kusaga. Sivuti sigara, ila anayevuta ajue inampiga kotekote, fizi na kusaga.

Nilichofanya nilifunga kipande cha uzi mwekundu kwenye mkono wa cherehani, pale juu ya sindano ambapo macho yangu yapo kutwa nzima. Kila nikiuona naachia taya, napumua, nashusha mabega. Siku za mwanzo nilikuwa naachia mara mia na nakuta nimeuma tena mara mia moja na moja. Mwezi wa tatu hivi ndo nikaanza kukuta nimeshaachia kabla ya kuuona. Kahawa nakunywa mwisho saa sita mchana. Na shingoni nina mkasi mdogo wa kukatia nyuzi umefungwa kwa utepe, mana lile jambo la kukata uzi kwa meno dokta alinikataza akiwa ameniangalia machoni kabisa, na pini pia siziumi tena, nazichoma kwenye kijimto cha kiganjani.

Mafundi wenzangu wanaosoma, angalieni meno yenu ya mbele kwenye kioo. Mimi nilikuwa na kijipengo kidogo kabisa cha umbo la uzi kwenye ncha ya jino la juu, nimekichonga mwenyewe kwa miaka, na nilikuwa najivunia nacho kama alama ya ufundi.

Nimerudi kupimwa baada ya miezi mitatu na nikarudi tena baada ya mingine mitatu. Meno ya mbele ya chini yametoka 5 na 6 yakawa 3, moja lina 4, damu karibu hakuna. Lile lililocheza limekaza, sio kama zamani, ukilisukuma kwa kidole linakubali kidogo, na kwa nyuma dokta ameyaunganisha sita kwa waya mwembamba na gundi ya meno ili yashikane. Kati yake napitisha vile vibrashi vidogo kila usiku, mana kwenye waya chakula kinakaa. Baba watoto anasema kelele zimepungua ila hazijaisha, kuna wiki ya maulidi nilikuwa na gauni kumi na moja za familia moja, akasema ile wiki ulisaga kama zamani. Niliamini, kwasababu asubuhi zile pembeni ya macho palikuwa panauma.

Gego la juu kulia ndo linanisumbua. Lilikuwa 7, sasa 5, na limegoma hapo. Dokta kasema mizizi ya magego ya juu inagawanyika mitatu na ugaga unajificha kwenye njia panda zake, vyuma havifiki vizuri. Tukikutana mwezi wa tatu kama bado lina 5 na linatoa damu atafungua fizi kidogo asafishe akiwa anaona. Nimeshamuuliza itauma kiasi gani, na nimeshaanza kuweka hela pembeni, elfu tano kila sare kumi.